Kiraka Kwenye Pazia la Sinema

Mwanaidi alikuwa na miaka thelathini na minane alipojikuta anapenda upya, na safari hii masikio yake ndiyo yaliyotangulia kupenda, macho yakafuata.

Salmini aliingia kwenye kibanda chake cha ushonaji pale Tinde mwezi wa Juni, gari lake likiwa limepata pancha njiani kwenda Kahama. Alikuwa broka wa dhahabu kutoka Geita, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini inayomfanya mtu asogee ili asikie vizuri. Mwanaidi alikuwa akitia vifungo huku simu yake ikicheza picha ya Kihindi ya zamani, moja ya zile alizokuwa akiziangalia na marehemu mama yake utotoni.

"Unazipenda hizi?" Salmini aliuliza.

"Kuliko chakula."

Alitabasamu, akakaa akaitazama picha kidogo, kisha gari lilipokuwa tayari akaondoka. Baada ya wiki moja alirudi. Safari hii hakuwa na pancha wala nguo ya kushona. Alikuja na hadithi.

Alimsimulia habari za picha moja iliyopigwa kwenye kijiji chenye ukame. Steringi na mpenzi wake walitakiwa waimbe chini ya mvua, basi wapiga picha wakaleta maji kwa malori na kuyarusha hewani kwa mipira. Wanakijiji, ambao hawakuwa wameona mvua mwaka mzima, walitoka majumbani na ndoo na sufuria kuja kuikinga ile mvua ya uongo. Mwongozaji akapiga kelele mpaka akachoka, mwisho akawaacha. "Ukiitazama vizuri," Salmini alisema, "nyuma ya yule binti utaona bibi mmoja na sufuria kichwani. Hakuwa mwigizaji yule. Alikuwa na kiu."

Mwanaidi aliitafuta picha ile, akaitazama mara tatu, na kweli bibi alikuwepo. Alicheka peke yake kibandani, halafu akashangaa mbona machozi yanamtoka.

Tangu hapo Salmini hakukatiza Tinde bila kusimama. Kila alipokuja alikuwa na habari mpya: jambazi wa picha ambaye nje ya sinema alikuwa anaogopa kuku, nyimbo zilizorekodiwa na waimbaji waliokosana na hawasalimiani, watu waliofanya kazi kubwa na majina yao hayakuandikwa popote. Lakini hadithi iliyomkamata Mwanaidi moyo ilikuwa ya miguu.

"Kulikuwa na picha ya mchezaji ngoma wa kasri," Salmini alimwambia alasiri moja, wakinywa chai nje ya kibanda. "Uso ni wa mwigizaji maarufu. Miguu si yake. Hakujua kucheza. Wakamtafuta binti wa kimaskini, wakampiga picha kuanzia magotini kushuka chini. Picha ilipotoka, kila Ijumaa yule binti alikata tiketi kama mtu mwingine yeyote, akaingia kutazama miguu yake." Akanyamaza kidogo. "Niliiona kwenye sinema ya mjini Shinyanga, nina miaka tisa. Pazia lilikuwa limechanika, likatiwa kiraka upande wa kushoto. Mwigizaji akisimama upande huo, anaonekana ana kovu shavuni. Nimekua mpaka nimeota ndevu najua yule mama ana kovu."

Mwanaidi alimtazama. Aliuona utoto wa Salmini wote ndani ya maneno yale. Aliwahi kuolewa miaka sita na mwanamume ambaye hakumsimulia hata ndoto yake moja. Siku ile alijua kwamba huyu akimwambia neno, atakubali.

Na Salmini alilisema neno. Alisema mkewe, Nyamizi, alifariki kwa presha miaka minne iliyopita, akamwachia watoto wawili ambao sasa ni wakubwa na wako masomoni. Alisema anaishi Kalangalala, palepale Geita, na dada yake. Alisema amechoka na upweke, anataka kumwoa.

Aliyekuwa hajaridhika alikuwa Shangazi Doto, dada wa baba yake Mwanaidi, ambaye ndiye aliyebaki kuwa mzazi wake.

"Ana ndugu huyu?" Shangazi aliuliza jioni moja wakipika.

"Ana dada yake."

"Umemwona?"

"Bado. Anaumwaumwa. Mwezi uliopita alikuwa amesafiri."

"Miezi minane mtu anaumwa na kusafiri tu." Shangazi alifunika sufuria. "Mwanangu, mimi sina neno na Salmini. Ananisalimia vizuri, ana adabu. Lakini wiki ijayo anakuja kuposa, na mimi sijaona hata binamu yake. Nenda kaone watu wake. Ukirudi ukaniambia ni watu, nitapiga vigelegele mimi mwenyewe."

Ndiyo maana Alhamisi ile, bila kumwambia Salmini, Mwanaidi alipanda basi la asubuhi kwenda Geita. Alibeba doti ya kitenge kizuri kwa ajili ya wifi yake. Pale stendi alimuuliza dereva wa bodaboda kama anamfahamu Salmini broka wa Kalangalala, na dereva hakuuliza mara mbili.

Mlango ulifunguliwa na mama wa miaka hamsini hivi, mwili umejaa, macho makubwa ambayo yalionekana kucheka hata kabla mdomo haujacheka. Mkononi alikuwa na ungo wa mchele. Hakuonekana mgonjwa hata kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Namuulizia Salmini."

"Yuko Nyarugusu kwenye mashimo ya dhahabu tangu alfajiri, lakini leo alisema atawahi. Ingia, ingia, usisimame juani. Umetoka mbali?"

"Tinde."

"Tinde yote hiyo. Kaa unywe maji kwanza. Ya kusema yatasemwa."

Mwanaidi alikaa, moyo umetulia. Alimpa kile kitenge, na yule mama akakipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akakiweka magotini bila kuuliza maswali, akidhani labda ni mmoja wa watu wa biashara ya Salmini wanaokuja na zawadi. Sebuleni televisheni ilikuwa imewashwa. Mwanaidi alipoinua macho, aliona picha ya Kihindi ya zamani, rangi zimefifia, binti anakimbia bustanini.

"Kumbe ni ugonjwa wa nyumba nzima," alisema akicheka.

"Upi huo?"

"Picha za Kihindi."

"Na wewe unao?" Yule mama akasogeza ungo. "Basi saidia kuchambua tuangalie wote. Hii naijua neno kwa neno. Subiri mvua inakuja sasa hivi, nitakuonyesha kitu."

Mvua ikaja. Yule mama akanyoosha kidole. "Unamwona bibi yule nyuma?"

"Mwenye sufuria," Mwanaidi alisema. "Hakuwa mwigizaji. Alikuwa na kiu."

Mkono wa yule mama ulisimama ndani ya mchele. "Nani kakuambia?"

"Salmini."

"Salmini?" Alicheka kwa furaha, kama mtoto aliyesifiwa darasani. "Kumbe huwa ananisikiliza. Mimi nikidhani anasinzia."

Walichambua mchele wakisimulia. Mwanaidi alikuwa hajawahi kukutana na mtu anayezijua picha zile kiasi kile. Akawa anafikiri moyoni namna Shangazi Doto atakavyofurahi, na namna ambavyo yeye mwenyewe atakuwa na wifi wa kukaa naye jioni. Alimpenda yule mama papo hapo.

"Ile ya mchezaji wa kasri je?" aliuliza. "Ya miguu?"

"Ah, hiyo." Yule mama alishusha pumzi. "Hiyo ndiyo yangu. Niliiona nina miaka tisa. Baba yangu alikuwa bawabu wa sinema pale Shinyanga mjini. Pazia lilipochanika alilitia kiraka mwenyewe, kwa sindano ya gunia, upande wa kushoto. Basi kila mwigizaji akisimama pale—"

"Ana kovu shavuni."

"Ana kovu shavuni. Nimekua najua yule mama ana kovu."

Yalikuwa maneno yaleyale. Hata pale pa kunyamaza walinyamaza sawa. Mwanaidi alihisi kitu kidogo kikitembea mgongoni, lakini akakitafutia sababu haraka, kama mtu anayempenda mtu anavyofanya.

"Kwa hiyo mlikuwa mnakwenda wote sinema, wewe na Salmini, mkiwa wadogo."

"Salmini?" Yule mama alimtazama kwa mshangao. "Salmini kakulia kijijini huko ndani, sinema kaiona ana ndevu. Mimi nilimjua siku alipokuja kuniposa. Ni mume wangu, mwanangu. Mwezi ujao tunatimiza miaka ishirini na nane."

Kwenye televisheni mtu alianza kuimba. Mwanaidi aliendelea kuchambua mchele. Vidole vyake vilitoa chuya moja, ya pili, ya tatu, kwa sababu havikujua kitu kingine cha kufanya.

"Wewe ndiye Nyamizi," alisema mwishowe.

"Umelipata wapi jina langu? Hapa mtaani wote wananiita Mama Sabiti."

Mama Sabiti alimtazama usoni, akatazama kitenge kilichokuwa magotini mwake, akatazama tena uso ule. Ule mcheko wa machoni ukaondoka taratibu. Alichukua rimoti akaizima televisheni.

"Sema," alisema. "Umekuja kwangu na zawadi. Sema ulichokuja nacho."

"Mimi ni mchumba wake. Wiki ijayo anakuja kwetu kuposa rasmi. Aliniambia anaishi na dada yake. Nimekuja kumsalimia dada." Aliitupa chuya iliyobaki vidoleni. "Aliniambia mkewe alifariki."

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

Mama Sabiti alitikisa kichwa polepole. "Hata presha sina."

"Tulikusomea dua, mama. Shangazi yangu alipika, akaita watu wa msikitini. Jina lako alilitaja Salmini mwenyewe, Nyamizi binti Kapaya, ili tukuombee. Mimi nilikulilia. Nililia kwa sababu nilimwonea huruma."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alitaka kuinuka, lakini Mama Sabiti alimshika mkono, si kwa upole wala kwa ukali.

"Kaa. Na mimi nina langu la kukuambia." Alimwachia mkono. "Huyu mwanamume hapendi picha za Kihindi. Miaka yote akinikuta naangalia anasema nimzimie makelele. Basi mwaka jana, katikati ya mwaka, akaanza kukaa na mimi. Anavuta kiti, anasema, Mama Sabiti, hebu nisimulie ile. Nisimulie ya sinema ya baba yako. Namsimulia, naye ananitazama mdomoni. Hajanitazama hivyo tangu kitinda mimba wetu azaliwe. Nikaanza kupaka wanja, mimi mtu mzima. Nikawa alasiri nawahi kuoga ili akirudi anikute nimekaa vizuri." Alikunja kile kitenge mara mbili, mara tatu, mpaka kikawa kidogo. "Nilidhani ananirudia."

Walikuwa wamekaa hivyo, kila mmoja na lake, geti lilipolia nje. Hatua za Salmini zilikuja zikikung'uta vumbi barazani.

"Mama Sabiti, kuna—"

Alimwona Mwanaidi. Uso ulimshuka.

"Assalamu alaykum," alisema, kwa mazoea tu.

Ndipo Mama Sabiti akasema, "Mgeni wako huyu. Amekuja kumsalimia dada yako."

"Mama Sabiti, twende chumbani tuzungumze."

"Chumbani wapi? Mimi si nilishazikwa? Zungumza hapahapa."

Salmini alisimama katikati ya sebule akitazama chini. Halafu akamgeukia Mwanaidi, na ile sauti yake ya chini ikatoka, sauti ambayo mpaka jana ilikuwa inamlaza usingizi kwenye simu.

"Mwanaidi, ningekuambia. Naapa ningekuambia baada ya posa."

"Baada ya posa ungeniambia amefufuka?"

"Dini imeniruhusu zaidi ya mmoja. Sikufanya haramu."

"Dini imekuruhusu kuoa. Kuua nani kakuruhusu?" Mwanaidi alishangaa kusikia sauti yake haitetemeki. "Ungeniambia una mke, ningekaa nikafikiri. Labda ningekataa. Labda ningekubali, Mungu anajua nilivyokuwa nimekupenda. Lakini hukuniachia hata hilo."

"Niliogopa ungeondoka."

"Na hadithi?"

Salmini alimtupia mkewe jicho la haraka, akalirudisha. "Mimi ni mtu wa mashimo, Mwanaidi. Najua mawe, sijui maneno. Nilikukuta pale na ile simu yako, unacheka peke yako, nikataka nami nikuchekeshe hivyo. Nikachukua nilichokuwa nacho nyumbani. Lakini mapenzi yalikuwa yangu. Hayo sikuyaazima kwa mtu. Maneno tu ndiyo yalikuwa yake."

"Mimi nilipenda maneno," Mwanaidi alisema.

Mama Sabiti aliinuka, akaweka ungo juu ya meza.

"Ulimwambia mwisho wa yule binti wa miguu?" alimuuliza mumewe.

"Mwisho gani?"

"Aliniambia aliolewa na mkata tiketi," Mwanaidi alijibu badala yake. "Akamtambua kwa miguu."

"Hakuolewa na mtu." Mama Sabiti hakumwondolea mumewe macho. "Nilikusimulia mpaka pale anapokata tiketi. Simu yako ikalia, ukatoka nje kuipokea, ukicheka. Hukurudi kuniuliza kilichofuata. Nilikaa nikikusubiri mpaka chai ikapoa."

Salmini alikaa kwenye kiti. Akaweka uso mikononi. Kwa kitambo kidogo Mwanaidi aliona utosi wake wenye mvi chache, mvi alizokuwa akizihesabu kwa mahaba pale kibandani. Uongo wote ule ulikuwa haujatosha kuung'oa upendo mara moja. Hilo ndilo lililomfanya amchukie zaidi.

Aliufunga vizuri mtandio wake, akatoka.

Mama Sabiti alimsindikiza mpaka getini. Jua la saa tisa lilikuwa linawaka juu ya mabati ya Kalangalala, na kwa mbali mashine ya kusaga mawe ilikuwa inanguruma.

"Nisamehe, mama."

"Wewe hujanikosea. Hukujua." Mama Sabiti alishika nguzo ya geti. "Nikuambie ukweli lakini, usirudi hapa. Kwa siku nyingine yoyote ningekuomba uje kila wiki, tuchambue mchele tusimuliane. Nimekaa miaka mingi bila mtu wa kuzungumza naye mambo haya. Ila sasa nikikuona nitakumbuka nilivyokuwa napaka wanja."

"Utabaki naye?"

"Sijui. Leo nitapika, kwa sababu watoto wanarudi kesho kutoka chuo. Mengine nitayajua nikishakaa peke yangu." Alifungua geti. "Nenda salama. Basi la mwisho la kupitia Kahama likikuacha utalala stendi."

Basi halikumwacha. Alipata kiti cha dirishani, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Simu iliita mara tano kabla ya Bukoli. Hakuipokea. Ilipoita mara ya sita, walikuwa wametoka kuipita Kahama, na upande wa pili wa njia vilima vya udongo vya mgodi wa Buzwagi vilikuwa vimesimama vyeupe kwenye mwanga wa jioni. Akaipokea.

"Mwanaidi, usikate," Salmini alisema. Alikuwa analia, au alikuwa amemaliza kulia muda si mrefu. "Nimefikiri. Wewe ndiye ninayekutaka. Sema neno moja tu, namwandikia talaka leo. Leo hiihii. Nakuja Tinde kesho nikiwa huru, hakutakuwa na uongo tena."

Mwanaidi alifumba macho. Kulikuwa na sehemu ndani yake, ndogo, ya aibu, iliyotaka kusikia hivyo. Aliiacha iseme, ikasema, ikamaliza.

"Yuko wapi sasa hivi?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama Sabiti."

"Yuko jikoni. Anapika. Kwa nini?"

"Yuko jikoni anakupikia, na wewe uko barazani unamwacha." Alivuta pumzi. "Mke wa miaka ishirini na nane unamwacha kwa neno langu moja. Mimi wa miezi minane utaniacha kwa neno la nani, Salmini?"

"Usiseme hivyo. Wewe ni tofauti."

"Yeye naye uliwahi kumwambia hivyo. Asante kwa yote. Usipite tena Tinde kwa ajili yangu. Barabara ni ya serikali, pita, lakini usisimame."

Alikata simu. Akaitafuta namba yake, akaizuia, kisha akafuta jumbe zote za sauti alizomtumia tangu Juni, moja baada ya nyingine bila kuzisikiliza. Kazi hiyo ilimchukua kutoka Kahama mpaka Isaka. Dada aliyekaa pembeni yake alimpa kitambaa bila kusema neno, naye akakipokea.

Shangazi Doto alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha ushonaji, khanga mabegani, akimsubiri. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Alimwona Mwanaidi akishuka na mkoba mtupu, akasogea kumpa nafasi.

"Umefika, mwanangu. Dada yake umemwona?"

"Nimemwona."

"Mtu wa namna gani?"

Mwanaidi alikaa. Alivua viatu, akaweka miguu yake iliyovimba kwa safari juu ya mchanga wa baridi.

"Mtu mzuri sana, shangazi. Nimekaa naye saa nzima, nikamwomba Mungu asinitenge naye."

"Sasa mbona unalia?"

"Si dada yake. Ni mke wake. Nyamizi."

Mwanaidi alisubiri Shangazi Doto aseme kwamba alimwonya, kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Alikuwa na haki ya kusema. Lakini Shangazi aliutoa mkono wake ndani ya khanga, akamvuta kichwa akakilaza begani, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa na miaka kumi na mama yake ametoka kuzikwa.

"Lia," alimwambia. "Lia umalize. Kesho nitakwenda mimi mwenyewe kuwaambia wazee wa kwetu wasije, posa haipo."